Bia ya Goma Ianzie kwenye Kimea

Goma ni mji unaokunywa bia ya watu wengine. Kusini kidogo ya mpaka wa Kongo na Rwanda, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu upande wa Rubavu, kimesimama kiwanda cha Bralirwa, kampuni iliyozaliwa mwaka 1957 kama tawi la watengenezaji bia wa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kwenye ncha ya pili ya ziwa, Bukavu, kuna kiwanda cha Bralima, kampuni iliyoanza katika mji huohuo wa Léopoldville mwaka 1923 na ambayo bia yake ya Primus imezoeleka katika kila nganda, yaani baa, ya Kivu. Zote mbili zilikuja kuwa chini ya Heineken ya Uholanzi. Goma yenyewe ilibaki na kazi ya kupokea kreti, kuzihifadhi kwenye madipo, kunywa, kisha kurudisha chupa tupu. Mpangilio huo ulionekana wa kudumu hadi mwaka 2025. Tarehe 27 Januari mwaka huo kundi la waasi la M23 liliingia Goma, katikati ya Februari Bukavu nayo ikashikwa, na mwezi Juni Heineken ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake katika miji hiyo miwili na kuwaondoa wafanyakazi wake waliobaki huko. Hapo ndipo swali lililokuwa likizungumzwa na wachache lilipopata uzito: kwa nini Goma isiwe na kiwanda chake kidogo cha bia, kinachotumia mazao ya milima inayoizunguka?

Jibu langu ni kwamba inafaa kiwepo, ila tuelewane kwanza tunapima kwa kipimo gani. Viwanda vidogo vya bia vimeenea duniani kote katika miongo minne iliyopita, na vingi hujisifu kwa mazao ya nyumbani kwa njia rahisi: vinaagiza kimea cha shayiri na hopsi kutoka Ulaya, kisha vinatia maji ya matunda, asali au kahawa ya jirani, na jina la mlima wa pale linawekwa kwenye lebo. Kivu ina kila kitu kinachohitajika kwa urembo wa namna hiyo: maracuja, kahawa ya Idjwi na Minova, asali ya misitu, tangawizi. Lakini ladha ni sehemu ndogo sana ya gharama ya bia. Kilevi chenyewe kinatokana na sukari, na sukari ndiyo inayonunuliwa kwa kilo na kwa tani. Kwa hiyo kipimo cha haki ni kimoja: katika kila lita, ni kiasi gani cha sukari iliyogeuka kuwa kilevi kimetoka katika mashamba ya Rutshuru, Masisi, Nyiragongo, Lubero na Kalehe? Kiwanda kinachojibu kwamba ni zaidi ya nusu kimebadilisha njia ya fedha. Kinachojibu kwamba ni maracuja kidogo tu kimebadilisha lebo, na mkulima hatahisi tofauti yoyote.

Wanaosema kwamba bia ya kweli haiwezi kufanyika bila shayiri wanajibiwa na historia ya Afrika yenyewe. Nigeria ilipiga marufuku uingizaji wa kimea cha shayiri kuanzia Januari 1988. Viwanda vililalamika kwamba vitakufa. Badala yake vikageukia mtama na mahindi, mafundi wao wakajifunza upya kazi yao, na marufuku ilipolegezwa miaka kumi hivi baadaye, mtama ulikuwa umeshajipatia nafasi yake. Uganda ilifuata njia tofauti, isiyo na amri. Mwaka 2002 Nile Breweries ilianza kuuza Eagle, bia ya mtama wa Epuripur, mbegu iliyozalishwa na watafiti wa kituo cha Serere, na serikali ikaipunguzia ushuru kwa sababu ya malighafi yake ya ndani. Bia hiyo ikawa miongoni mwa zilizouzwa zaidi nchini. Heineken nayo ilijiwekea lengo la kununua asilimia 60 ya malighafi zake za Afrika katika bara hilohilo ifikapo mwaka 2020. Kwa maneno mengine, suala la kama inawezekana lilishafungwa na makampuni makubwa yenyewe. Suala lililo wazi ni kama inawezekana kwa kiwanda kidogo, katika mji uliozingirwa na vita, bila mtafiti wa mbegu na bila waziri wa fedha wa kukipunguzia ushuru.

Nadhani jibu la suala hilo linategemea hatua moja ambayo karibu kila mpango wa bia ndogo huiruka. Kati ya shamba na pipa la bia kuna kazi ya kugeuza nafaka kuwa kimea: kuiloweka, kuiacha iote kwa siku kadhaa, kuikausha, kuondoa vichipukizi na kuihifadhi isiingie unyevu. Ulaya kazi hiyo hufanywa na viwanda maalumu vya kimea, na mtengenezaji bia mdogo hununua magunia yakiwa tayari. Kivu Kaskazini hakuna soko la namna hiyo. Anayetaka kutengeneza bia Goma leo atakuta mtama sokoni, lakini hatakuta kimea cha mtama kilichopimwa, kilicho sawa gunia kwa gunia. Akishindwa kukipata atarudi kwenye shayiri ya kuagiza, na hadithi ya mazao ya nyumbani itaishia kwenye picha ya lebo. Ndiyo maana nasema bia ya Goma ianzie kwenye kimea. Mitambo ya bia hununuliwa na kuletwa, hata kwa shida. Kimea hakiji chenyewe. Lazima watu wakitengeneze palepale mtama unapovunwa.

Mfano ulio wazi zaidi wa umuhimu wa hatua hiyo ya kati unatoka Msumbiji. Mwaka 2011 kampuni ya SABMiller ilianza kuuza huko bia ya mihogo iitwayo Impala. Muhogo ukishang'olewa huharibika ndani ya siku mbili tatu, na wakulima wametawanyika mbali na kiwanda, hivyo kusafirisha mihogo mibichi kungekuwa hasara tupu. Suluhisho lilikuwa mtambo wa kuhamishika uliopelekwa vijijini, ukasaga na kukamua mihogo hukohuko na kuigeuza kuwa donge linalodumu na kusafirika. Kivu yenyewe ina ushahidi wake kwenye kahawa. Kwa miaka mingi kahawa ya ukanda wa Minova na visiwa vya ziwa ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, ikiuzwa kwa bei duni, na watu wengi walizama. Kilichoanza kugeuza hali ni vituo vya kuoshea kahawa vilivyojengwa na vyama vya ushirika, SOPACDI ikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Mti wa kahawa ulikuwa uleule na mkulima yuleyule. Kilichoongezeka ni kituo kati ya shamba na mnunuzi, na kwa kuwa kituo kilikuwa cha ushirika, sehemu ya thamani mpya ilibaki kijijini. Kimea kinaweza kufanya kwa mtama na ulezi kile ambacho kuosha kulifanya kwa kahawa.

Hata hivyo kimea cha mtama si shayiri iliyobadilishwa jina, na mtu akikichukulia hivyo atamwaga pipa la kwanza, la pili na la tatu. Wanga wa shayiri hulainika kwenye joto la chini, ambako vimeng'enya vyake bado viko hai, hivyo vimeng'enya huukata wanga huo katika chungu kimoja. Wanga wa mtama unahitaji joto kubwa zaidi, mara nyingi karibu nyuzi 70 au zaidi, na kufikia hapo vimeng'enya vinaanza kufa. Isitoshe, mtama una upungufu wa kimeng'enya kimoja muhimu kinachokata wanga kuwa sukari inayochachuka. Mitama myekundu michungu, ile ambayo ndege huiogopa na kwa hiyo wakulima wengi huipenda, ina tanini zinazozuia vimeng'enya hivyohivyo. Vichipukizi vya mtama hubeba sumu ya jamii ya sianidi, hivyo ni lazima viondolewe baada ya kukausha. Na nafaka iliyooteshwa katika unyevu bila usafi hukaribisha kuvu wa aflatoksini. Haya yote yana majibu: kutenganisha maji ya vimeng'enya kabla ya kuupika wanga, kisha kuyarudisha joto likishuka, kuchagua mtama mweupe, kuchanganya na ulezi, ambao kimea chake kina nguvu kubwa zaidi ya kukata wanga kuliko cha mtama. Lakini ni majibu ya fundi aliyefunzwa, na mpango wowote usiomweka fundi huyo mbele ya mitambo unaanza vibaya.

Hapa maarifa ya zamani ya eneo letu yana uzito mkubwa kuliko tunaoyapa. Wachaga wa Kilimanjaro hutengeneza mbege kwa kuunganisha ndizi zilizochachuka na kimea cha ulezi, na uchungu huupata kwenye gome la msesewe. Huo ni mfumo kamili wa bia: sukari ya tunda, vimeng'enya vya nafaka, na kiungo kichungu kisichohitaji hopsi, mmea ambao hustawi katika nchi zenye siku ndefu za kiangazi na haupendi ikweta. Katika milima ya Kivu pombe ya ndizi iitwayo kasiksi hufuata mantiki ya jirani. Ndizi huivishwa shimoni kwa joto, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa, na siku mbili tatu baadaye pombe iko tayari. Tatizo lake linajulikana kwa kila anayeiuza: haikai. Ikifika siku ya tano imekuwa kali na chachu, na muuzaji amepoteza mtaji. Fundi wa kiwanda kidogo ana nafasi ya kuchukua mantiki hiyo ya ndizi na nafaka pamoja, akaongeza kuchemsha, hamira safi na pipa lililofungwa. Matokeo hayatafanana na Primus, na hayapaswi kufanana nayo. Anayetaka Primus ataendelea kuipata kwa njia zake.

Ndizi zina sababu nyingine ya kuingizwa katika hesabu. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi, kwa mara ya kwanza mashariki mwa Kongo, kisha ukaenea mkoa mzima na kuvuka hadi Kivu Kusini. Wadudu huupeleka kutoka ua hadi ua, na panga la mkulima huupeleka kutoka shina hadi shina. Aina za ndizi za pombe, hasa ile iitwayo Kayinja upande wa Uganda, ziko katika hatari kubwa. Njia za kupambana nao zinajulikana na hazina gharama kubwa: kuvunja kwa kijiti cha panda ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, kukata shina lililougua peke yake badala ya kung'oa kichaka kizima, na kuunguza panga kwa moto kabla ya kuhamia shina jingine. Kinachokosekana ni sababu ya kuzifuata kila wiki bila kuchoka. Mkulima ambaye mkungu wake unauzwa kwa bei ya kubahatisha hana sababu hiyo. Mnunuzi wa kudumu, anayekuja kila juma na anayekataa ndizi zilizoiva ovyo kwa ugonjwa, anaweza kumpa. Sidai kwamba kiwanda kimoja kidogo kitaokoa migomba ya Masisi. Nadai kwamba usafi wa shamba hudumu palipo na mnunuzi, na semina peke yake haijatosha.

Maji ya Goma yanastahili aya yao, maana hapa ndipo watu wa nje hukosea. Mji umejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, iliyofunika sehemu yake Januari 2002 na kuukaribia Mei 2021. Lava hiyo hunywa mvua yote, hakuna mto unaopita mjini, na maji ya bomba husukumwa kutoka ziwani. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi mengi. Juu ya uso pH yake iko karibu na 9, wakati uji wa kimea unataka kuwa kati ya 5.2 na 5.6. Maji ya mvua ni laini, ila mvua inayopita katika moshi wa volkano hubeba asidi na floridi. Na kipindupindu hakijawahi kuondoka Goma kwa muda mrefu. Kuchemsha kunaua vijidudu ndani ya bia, lakini kiwanda hutumia lita nne hadi saba za maji kwa kila lita ya bia, nyingi zikiwa za kuosha vyombo, na hizo nazo lazima ziwe salama. Kwa hiyo mtambo wa kusafisha maji ni sehemu ya kiwanda tangu siku ya kwanza. Kuhusu magadi, mbinu ya kienyeji inasaidia tena: uji wa mtama ulioachwa uchachuke kwa bakteria wa maziwa kabla ya kupikwa huwa na asidi yake wenyewe, na asidi hiyo hushusha pH bila kuagiza kemikali kutoka mbali.

Nishati ni kikwazo ambacho miaka 15 iliyopita kingefunga mjadala. Kupasha moto lita elfu moja na mia mbili za uji na kuzichemsha kunataka, kwa hesabu ya fizikia peke yake, kilowati-saa 150 au zaidi. Zingetoka kwenye makala, yaani mkaa, na makala ya Goma kwa sehemu kubwa yanatoka katika miti ya Hifadhi ya Virunga. Bia ya mazao ya nyumbani inayokula msitu wa nyumbani ingekuwa aibu. Lakini tangu Desemba 2015 kituo cha Matebe huko Rutshuru kinazalisha umeme wa maji wa megawati zaidi ya 13, sehemu yake ikifika Goma, na tangu mwaka 2020 kuna pia umeme wa jua wa kampuni ya Nuru mjini. Bralirwa ilionyesha njia nyingine zamani: kuanzia miaka ya 1960 ilichemshia bia yake kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka chini ya ziwa hilihili. Sharti la umeme badala ya makala liwe la kwanza kabisa katika leseni ya kiwanda chochote kipya.

Sasa pingamizi, na nianze na lile zito kuliko yote. Mkoa huu una mamia ya maelfu ya watu waliofukuzwa vijijini mwao na wanaolala na njaa. Ni halali kuchukua nafaka na kuitia kwenye pipa la pombe? Swali hili halijibiwi kwa kuinua mabega. Linajibiwa kwa kipimo. Kiwanda cha lita elfu moja kwa juma, sawa na kreti kama 115 za chupa kumi na mbili za sentilita 72, kinahitaji takriban kilo 200 za kimea ikiwa sukari yote inatoka kwenye nafaka. Kwa mwaka hiyo ni kama tani kumi. Nusu ya sukari ikitoka kwenye ndizi za pombe, ambazo kwa kawaida haziliwi mezani, nafaka inashuka hadi tani tano, na machicha yake yanarudi kulisha nguruwe, kuku na mbuzi. Njaa ya Kivu ina mizizi katika mashamba yasiyofikika, barabara zilizofungwa na mavuno yanayoporwa. Tani tano za mtama hazitaongeza wala kupunguza njaa hiyo kwa namna inayoonekana. Hata hivyo pingamizi hili linaacha sharti moja la kweli: katika miezi ya kabla ya mavuno, bei ya mtama inapopanda, kiwanda kisinunue sokoni kikishindana na mama anayetafuta unga wa uji. Kinunue wakati wa mavuno, kikaushe, kihifadhi. Kimea kilichokaushwa vizuri hukaa miezi mingi, na ghala lake hulinda bei ya mkulima pale inapoanguka.

Lakini hesabu hiyohiyo inazaa pingamizi la pili: ikiwa ni tani kumi tu, basi kiwanda kina faida gani kwa kilimo cha mkoa? Ni pingamizi sahihi, na ndilo linalonifanya nisisitize kimea kuliko bia. Kiwanda cha bia kikiwa mnunuzi pekee, kituo cha kimea kitakuwa kidogo na dhaifu. Lakini kimea cha mtama na ulezi kina wanunuzi wengine ambao tayari wapo. Wanawake wanaotengeneza kasiksi wananunua mtama kila wiki kwa ajili ya pombe yao. Unga wa kimea ukitiwa kwenye uji wa mtoto huufanya uwe mwepesi kumeza hata ukipikwa mzito, hivyo mtoto anapata chakula zaidi katika kikombe kilekile. Wataalamu wa lishe wamelijua hilo kwa miaka mingi. Na kuna vinywaji vya kimea visivyo na kilevi. Bia inakuja kuwa mteja wa kwanza anayelipa vizuri na kudai ubora, yule anayewezesha mashine ya kwanza kununuliwa, wakati wanunuzi wengine wanaongezeka polepole.

Pingamizi la vita nalo haliwezi kupitwa. Mwaka 2013 watafiti Jason Miklian na Peer Schouten walieleza jinsi malori ya bia mashariki mwa Kongo yalivyogeuka chanzo cha fedha kwa makundi yenye silaha kupitia vizuizi vya barabarani. Mwaka 2017 utafiti wa IPIS, ambao Schouten alishiriki, ulihesabu vizuizi 798 katika mikoa miwili ya Kivu. Bia ni nzito, ni ya thamani, inapita njia zilezile kila siku. Ni rahisi kuitoza. Kampuni kubwa hazikupona pia: wafanyakazi 168 wa zamani wa Bralima walipeleka malalamiko Uholanzi kuhusu walivyotendewa Bukavu wakati wa utawala wa waasi wa RCD, na shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano mwaka 2017. Je, kiwanda kidogo cha Goma hakitakuwa mfuko mpya wa kutoza? Kitatozwa, na anayeahidi kinyume anadanganya. Mamlaka iliyopo mjini itadai kodi, na Kinshasa siku moja itadai zake. Tofauti iko kwenye barabara. Kreti 115 zikitoka Bukavu kwa barabara zinapita kizuizi baada ya kizuizi, zijapo na zirudipo tupu. Bia ya nafaka pekee inayochemshwa na kunywewa Goma husafirisha kimea tu, kilo 200 badala ya karibu tani mbili za maji na kioo, na haina chupa za kurudisha. Hilo halisafishi fedha, ila linapunguza mara nyingi mzigo unaoweza kutozwa njiani, na katika mkoa huu upungufu huo una maana kwa maisha ya watu.

Kuhusu bei nina wasiwasi zaidi kuliko matumaini. Kiwanda kidogo hakiwezi kushindana na lita za kampuni kubwa, na chupa ni mtego: za kampuni kubwa ni mali yao, mpya hutoka mbali, na hakuna anayezifua kwa wingi Goma. Kenya inatoa funzo la pande mbili. Senator, iliyoanzishwa mwaka 2004 na East African Breweries, iliuzwa kwenye mapipa kwa bei ya chini, ikiwa na msamaha wa ushuru. Mwaka 2013 serikali ilipopunguza msamaha huo kwa nusu mauzo yaliporomoka vibaya, na wakulima wa mtama wakaumia pamoja na kampuni. Pipa linapunguza gharama, lakini biashara iliyosimama juu ya msamaha wa kodi huanguka na msamaha huo. Goma haina serikali ya kuombwa msamaha wa kodi, na labda hiyo ni nafuu ya ajabu: bia itabidi isimame kwa bei yake ya kweli tangu mwanzo, ikiuzwa kwa pipa palepale inapotengenezwa na katika nganda chache za karibu. Kigali, mradi wa Kweza, unaoongozwa na wanawake na uliosaidiwa na kiwanda kidogo cha Beau's cha Kanada kuanzia mwaka 2016, ulihitaji miaka kadhaa kabla ya bia kuuzwa, na hiyo ni katika mji wenye amani, benki na barabara. Banana Investments ya Arusha, iliyoanza mwaka 1993, ilisimama kwa kuuza kinywaji cha ndizi cha bei ya watu wa kawaida. Nikilazimika kuchagua mwalimu wa Goma kati ya hizo, ningechagua Arusha.

Na wale wanaopinga pombe yenyewe? Goma ina Waislamu, Waadventista na Wabaptisti wengi ambao kwao swali hili halina pande mbili, na yeyote aliyeona kaya inayoporomoshwa na pombe kali ya kanyanga anajua kwamba hawasemi kwa chuki. Siwezi kudai kwamba bia ya mtama itawatoa watu kwenye pombe kali. Sina ushahidi huo. Ninachoweza kutetea ni kituo cha kimea ambacho mwenye dini anayekataa bia anaweza kumiliki hisa zake bila kwenda kinyume cha imani yake, kwa sababu nusu ya magunia yake yanaishia kwenye uji na vinywaji visivyo na kilevi. Wanawake wa kasiksi nao wasitolewe sokoni na mwekezaji mwenye mapipa ya chuma. Wao ndio wenye maarifa ya ndizi, na wao ndio watakaoumia kwanza kiwanda kikinunua mikungu yote ya njia ya Sake. Wapewe hisa katika kituo, na wauziwe kimea kwa bei ya wanachama.

Haya yote yanaonyesha mahali pa kuanzia. Kituo kisijengwe Goma, ambako ardhi ni ghali na maji ni tatizo. Kijengwe upande wa Kiwanja na Rutshuru, kilomita 70 hivi kaskazini, ambako mtama upo na umeme wa Matebe uko karibu, kikiwa cha ushirika, na kikianza na tani chache za ulezi na mtama mweupe zinazonunuliwa wakati wa mavuno. Mwaka wa kwanza kiuze unga wa uji na kimea kwa watengeneza kasiksi, fundi akipima kila gunia na kuandika nguvu yake ya kukata wanga. Gunia la kumi likifanana na la kwanza, hapo ndipo mwenye fedha mjini atakuwa na sababu ya kununua mapipa.